Usinunue saa ya kupima moyo kwa kuiga jirani

Ndugu msomaji, ukitembea Arboretum hapa Nairobi asubuhi ya Jumapili, au ukipita ufuo wa Mama Ngina kule Mombasa jua linapoanza kutua, utaona jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua. Watu wanakimbia kidogo, wanautazama mkono. Wanapanda kilima, wanautazama tena. Usidhani wanaogopa kuchelewa kanisani. Wanahesabu mapigo ya moyo.

Vipima mapigo vimeenea mjini kama mvua ya masika. Wapo wanaovivaa kwa sababu ya afya, na wapo wanaovivaa kwa sababu jirani anacho. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Lakini kwa kuwa bei yake huanzia shilingi elfu chache na kufika makumi ya maelfu, na kwa kuwa karo ya shule haimngoji mtu, ni vyema tushauriane kabla hujatia mkono mfukoni.

Kwanza tujiulize, kwa nini mtu apime mapigo? Moyo ni pampu. Unapotembea kwa haraka, misuli hudai damu zaidi, nao moyo huongeza mapigo ili kuitosheleza. Hivyo idadi ya mapigo kwa dakika hukuonyesha jinsi mwili unavyojitahidi. Mtu mzima aliyetulia kitini aghalabu huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na mwanariadha aliyezoea mbio anaweza kuwa na 40 na kitu bila ya kuwa mgonjwa.

Mnamo mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Hapo ndipo swali linapozuka: nitajuaje kwamba mazoezi yangu ni ya wastani, wala si mzaha wala si mateso? Kifaa hiki kazi yake ni kukusaidia kujibu swali hilo. Hakikufanyii mazoezi.

Kipimo usichouziwa

Kabla hujaenda dukani, fahamu kwamba kipima mapigo cha kwanza unacho tayari. Weka kidole cha shahada na kidole cha kati juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka uhisi mshipa ukipiga. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kwani nacho kina mpigo wake na kinaweza kukuchanganya.

Kuna na kipimo kingine ambacho hakihitaji hata saa. Ukiweza kuzungumza na mwenzako njiani lakini huwezi kuimba, mazoezi yako ni ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ni makali. Ukiweza kuimba pambio lote tangu mwanzo hadi mwisho, basi ongeza mwendo.

Kwa mwanafunzi anayeishi kwa pesa za matumizi, au kwa mama anayetaka kupunguza uzani kwa kutembea kutoka kazini jioni, vipimo hivi viwili vinatosha kabisa. Kumbuka kwamba Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico City mwaka wa 1968. Kifaa cha kwanza cha kuvaliwa kilichopeleka mapigo kutoka kifuani hadi kwenye saa bila waya kilitolewa na kampuni ya Polar ya Ufini mwaka wa 1982, yaani miaka 14 baadaye. Nalitaja hili ili muuzaji asije akakutisha kwamba bila kifaa hutafika popote.

Mkanda au saa?

Ikiwa bado unataka kifaa, utakuta dukani aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni mkanda wa kufunga kifuani. Kila moyo unapopiga hutoa umeme mdogo sana. Huo ndio umeme unaopimwa hospitalini kwa mashine ya ECG, kipimo ambacho kilimpatia Mholanzi Willem Einthoven Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Mkanda hunasa umeme huo kupitia ngozi, ukapeleka hesabu kwenye saa au simu yako. Ndio ulio sahihi zaidi kati ya vifaa vya kawaida, hasa mtu anapokimbia kwa kasi, kupumzika, kisha kukimbia tena.

Ubaya wake ni kwamba hubana kifua, na wengine huwakwaruza wakitoka jasho. Pia sehemu zinazogusa ngozi lazima zilowanishwe kwa maji kabla ya kuvaa, la sivyo utasoma maajabu katika dakika za mwanzo. Na baada ya mazoezi mkanda unataka kuoshwa, kwa sababu chumvi ya jasho huuharibu.

Aina ya pili ni saa au bangili ya mkononi. Ukiigeuza utaona taa ndogo, aghalabu za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, hivyo kila mpigo unaposukuma damu mkononi, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa huhesabu mabadiliko hayo. Ni rahisi kuvaa, huhesabu hatua pia, na unaweza kulala nayo.

Hata hivyo, saa hukosea kwa urahisi. Ikilegea, mwanga wa nje huingia. Ukiruka kamba au kuinua vyuma, mkono hutikisika na misuli hukaza, na saa huchanganyikiwa. Wakati mwingine huhesabu hatua zako ikidhani ni mapigo. Chale zilizochorwa kwa wino kwenye ngozi huzuia mwanga. Rangi nyeusi ya ngozi nayo hufyonza mwanga huo wa kijani, ingawa matokeo ya utafiti yametofautiana kuhusu kiasi cha kosa linalotokea. Kwa sababu hiyo, sisi wenye ngozi nyeusi tusikubali maneno ya sanduku. Tuijaribu saa wenyewe.

Yaliyompata baba mdogo

Hadi hapa mazungumzo yetu ni ya pesa. Lakini kuna jambo lililo zito kuliko pesa, na nitakueleza kwa kisa cha jamaa yangu.

Baba yangu mdogo ana umri wa miaka 62, na ana shinikizo la damu. Daktari alimwandikia dawa na kumshauri atembee kila siku. Binamu yangu anayefanya kazi ng'ambo alipokuja likizo alimletea saa nzuri ya kupima moyo. Akaitia umri wake, akaipangia imlilie kila mapigo yanaposhuka chini ya 110 wakati wa matembezi. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka mzee asitembee kama mtu anayehesabu mawe.

Baba mdogo ni mtu wa kufuata amri. Kila asubuhi alitoka na saa yake, nayo kila asubuhi ikamlilia. Alitembea haraka, ikasoma 84. Akapanda kilima akihema, ikasoma 90. Akaona kwamba yeye ni mvivu, akaongeza mwendo. Siku moja kizunguzungu kilimshika kando ya barabara, akaketi chini, na mwuza mboga akampa maji.

Mama mdogo alinipigia simu, nami nikamsindikiza mzee hadi kliniki yake. Muuguzi alimsikiliza, akaitazama saa, kisha akaomba kuona dawa.

"Mzee, hii dawa unayokunywa ni atenolol," alimwambia kwa upole. "Kazi yake mojawapo ni kuuzuia moyo usipige mbio. Hata ukikimbia namna gani, huenda usiifikie hiyo 110. Saa hii haijui kwamba unakunywa dawa."

Baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo mimi si mvivu?"

"Hapana, mzee wangu. Ulikuwa ukijiumiza."

Ndugu msomaji, atenolol iko katika kundi la dawa liitwalo beta-bloka, pamoja na propranolol, bisoprolol na carvedilol. Zinatumiwa na watu wengi wenye shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Ikiwa wewe au mzazi wako anazitumia, hesabu za saa hazimfai mpaka daktari amwambie ni mapigo mangapi yanayomfaa yeye. Na tafadhali, mtu asiache dawa ili saa impongeze! Kuziacha ghafla kunaweza kuleta hatari kubwa kwa moyo.

Daktari aliyemwona siku hiyo alimpima mzee, akamwagiza aizime ile kengele na atumie kipimo cha mazungumzo. Sasa hutembea na mama mdogo. Wakiweza kusengenya majirani bila kuhema, wanajua mwendo ni sawa.

Hesabu ya 220

Ile 110 ilitoka wapi? Ilitokana na hesabu iliyomo katika saa nyingi: chukua 220, toa umri wako, upate upeo wa mapigo ya moyo wako. Mtu wa miaka 40 hupata 180. Mazoezi ya wastani ni kati ya asilimia 50 na 70 ya upeo huo, yaani mapigo 90 hadi 126. Makali ni kati ya asilimia 70 na 85. Kwa mtu wa miaka 62, upeo ni 158, na asilimia 70 yake ni karibu 111.

Hesabu hiyo ilienea tangu miaka ya 1970, na ni ya makadirio tu. Mwaka wa 2001 watafiti walipendekeza nyingine: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu kutoka 208. Kwa mtu wa miaka 62 hesabu hii inatoa karibu 165, tofauti ya mapigo saba. Zote mbili zinazungumzia wastani wa watu wengi. Watu wawili wa umri mmoja, wote wazima, wanaweza kutofautiana upeo kwa mapigo 20 au zaidi.

Isitoshe, moyo hubadilika kwa mambo mengi. Kahawa kali au miraa huupandisha. Joto la Mombasa huupandisha. Mtu wa Pwani akija Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, moyo wake utapiga haraka zaidi kwa siku za kwanza katika mwendo ule ule. Usikosana na saa yako kwa sababu hiyo.

Ukiwa dukani

Sasa basi, ukiamua kununua, jiulize: ninataka kujua nini? Ikiwa unajiandaa kwa mbio ndefu na una ratiba ya kasi, nunua mkanda wa kifuani. Ikiwa unataka tu kujihimiza kutembea na kuona mapigo ya kupumzika yakishuka mwezi baada ya mwezi, bangili ya bei nafuu inatosha. Ikiwa huna la kuuliza, rudi nyumbani na pesa zako.

Pili, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Omba kuivaa. Ikaze upana wa kidole kimoja juu ya kifundo, kaa kimya dakika mbili, kisha hesabu mapigo yako kwa vidole huku ukiitazama. Panda na kushuka ngazi za jengo, uhesabu tena. Tofauti ya mapigo mawili matatu si neno. Ya 20 ni neno.

Tatu, uliza kama inaelewana na simu uliyo nayo, wala si simu unayotamani kununua. Uliza betri hudumu siku ngapi, na kama ni ya mkanda, je, unaweza kuibadilisha mwenyewe? Uliza kamba ikikatika utaipata wapi. Hakikisha inastahimili maji, maana mvua na jasho havipigi hodi. Dai risiti na dhamana.

Nne, hakikisha unaweza kubadilisha viwango vya mapigo kwa mkono wako, ili daktari au mwalimu wa mazoezi akikupa viwango vingine, saa ikutii. Saa isiyokubali kubadilishwa haifai kwa mgonjwa.

Mwisho, ikiwa kifua kinabana, unahisi kizunguzungu, au pumzi inakata kuliko kawaida, simama, hata kama saa inakwambia endelea. Maumivu ya kifua yasipoisha, nenda hospitali upesi. Na kama una maradhi yoyote ya moyo, sukari au shinikizo la damu, au hujafanya mazoezi kwa miaka mingi, anzia kwa daktari kabla ya kuanzia dukani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Ikiwa unapanga kumnunulia mzazi saa hii kama zawadi, muulize kwanza anakunywa dawa gani, uandike majina yake kwenye karatasi na umpelekee muuguzi au mfamasia. Karatasi hiyo haitakugharimu chochote.

Nakutakia Jumapili njema.