Kijiko chenye Simba

Kijiko chenyewe ni cha chai tu. Nilikinunua Jumapili kwenye soko la vitu kuukuu hapa Birmingham. Muuzaji, mzee aliyebana kioo cha sonara jichoni, aligeuza mpini akanisomea mihuri mitano, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama. Simba anayetembea: katika sehemu 1000, 925 ni fedha. Nanga: kilipimwa Birmingham, mji usio na bahari hata ya kunawia miguu. Herufi ya mwaka: 1864. Kichwa cha Malkia Victoria: kodi ilikwishalipwa, nayo ilifutwa 1890. Mwisho, herufi za jina la mfua fedha.

Nanga hiyo ina kisa. Matthew Boulton, mwenye karakana mjini hapa, alichoka kupeleka vyombo vyake hadi Chester kupigwa mihuri, huku vingine vikirudi vimekwaruzwa. Akaliandama Bunge mpaka mwaka 1773 Birmingham ikapewa ofisi yake.

Nikavua kikuku cha marehemu bibi, nikamkabidhi mzee. Akakizungusha, akakizungusha tena, akanirudishia. Hakuna kitu. Kwa sheria ya Waingereza, kitu cha fedha kinachozidi gramu 7.78 hakiuzwi kwa jina la fedha bila mhuri, ingawa vya kabla ya 1950 vina msamaha wake. Nilihisi kama bibi ameulizwa kitambulisho.

Kwetu Unguja mambo yalikwenda vingine. Ukitaka kikuku, ulikwenda kwa sonara na reale zako, zile sarafu za malkia Maria Theresa, ukakaa kibarazani zikiyeyushwa mbele ya macho yako. Bibi hakuwa na kioo. Aligonga kikuku kwenye jiwe la baraza akasikiliza mlio. Ukimuuliza nani kakitengeneza, alikutajia sonara, babake, na mtaa walikohamia.

Nisiwasifu wa kwetu kupita kiasi. Reale ilikuwa na fedha 833 tu katika 1000, haifiki kwa simba wa Mwingereza. Tena ni mwongo wa tarehe: Maria Theresa alikufa 1780, na kila reale iliyopigwa baadaye, hata miaka mia na ushei, iliandikwa 1780 ileile. Watu wa pwani na Omani hawakujali. Waliipima, basi. Kijiko changu kinanitajia mwaka wake bila kuulizwa, na nakiri raha hiyo imenilevya; siku hizi nikialikwa kwa watu nageuza vijiko vyao kabla ya kukoroga chai.

Usiku nikampigia mama. Nikamsimulia simba, nanga, malkia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Uzito wake reale ngapi?"

Sikuwa nimekipima. Nikatoa mizani ya unga. Reale moja ni gramu 28. Kijiko kikasoma 22.

"Hata reale hakifiki," akasema mama. "Na umetoa kiasi gani?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.