Kumchagulia Mtoto Shule ya Kwanza

Sisi tuliozoea kuwachagulia watoto wa watu vitabu na mazoezi aghalabu hatuoni uzito wa kuchagua mpaka tufike kwa mtoto wetu wenyewe. Mzazi ambaye hakusomea ualimu huangalia umbali na ada, akamaliza. Mwalimu hutaka pia kujua mtoto atafundishwa nini, na nani, kwa lugha ipi, na kwa nini. Na kila swali huzaa jingine. Sisi wawili, mume na mke, sote walimu wa lugha katika mji wa Kigali, tulikaa na jambo hili miezi mitatu. Kitinda mimba wetu alikuwa ametimiza miaka minne. Alikuwa mtoto wa maneno machache mno kwa umri wake: alielewa kila alichoambiwa, lakini akitaka maji aliuonyesha mtungi kwa kidole, na akikosa kueleweka alinyamaza na kuondoka.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni darasa la watoto wadogo lililomo ndani ya shule ya msingi ya serikali, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Nyamirambo. Huko hakuna ada ya masomo. Mzazi huchangia chakula, na kwa agizo lililotolewa mwaka 2022 mchango huo uliwekwa kuwa faranga 975 kwa muhula. Njia ya pili ni shule ya binafsi yenye jina la Montessori, upande mwingine wa mji, inayokaa na watoto mpaka jioni na kuzungumza nao kwa Kiingereza tangu salamu ya asubuhi. Ada yake ya muhula mmoja ilizidi mshahara wa miezi miwili wa mmoja wetu.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno juu ya majina, kwani msomaji wa jarida hili atatusamehe udhaifu huo. Kule Tanzania zamani watu walisema shule ya vidudu, kisha chekechea likashika. Kenya wengi husema nasari. Hapa Rwanda jina rasmi ni ishuri ry'incuke, yaani shule ya walioachishwa ziwa. Jina hilo tunalipenda kuliko yote. Linakiri jambo ambalo mengine hayalitaji, kwamba mtoto anaondolewa mahali fulani ili apelekwe pengine, naye mwenyewe anajua.

Tulianza kwa kuzitembelea shule za binafsi. Hapana budi wazazi wafahamu kwamba jina Montessori halimilikiwi na mtu. Mwenye kutaka kuliandika juu ya lango lake huliandika. Katika shule moja tulionyeshwa kabati la kioo lililofungwa kwa ufunguo, na ndani yake vile vipande kumi vya rangi ya waridi vinavyopangwa kuwa mnara, kidogo kikiwa na upande wa sentimita 1 na kikubwa sentimita 10. Tulipouliza kwa nini vimefungiwa, tulijibiwa kwamba watoto watavipoteza. Tukaaga kwa heshima.

Shule ya pili, hiyo tuliyoitaja, ilikuwa kitu kingine kabisa. Rafu zilikuwa chini, kimo cha mtoto. Watoto wa miaka mitatu walikaa pamoja na wa miaka sita. Mmoja alikuwa akimimina maji kutoka birika moja hadi jingine kwa utulivu ambao sisi hatuupati katika vidato vyetu, na maji yalipomwagika alikwenda mwenyewe kuchukua kitambaa. Mwalimu aliketi sakafuni na hakupaza sauti hata mara moja kwa saa nzima. Watoto walikuwa ishirini na wawili, walimu wawili. Tulitoka pale tumenyamaza, na mmoja wetu alisema barabarani kwamba laiti tungekuwa na fedha, tusingekuwa na la kujadili.

Mwingine hakukubali, na hapo ndipo mjadala wetu ulipoanza hasa.

Tulirudi kwenye historia, kama ilivyo desturi ya walimu wanaposhindwa kuamua. Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870, akahitimu udaktari wa tiba mjini Roma mwaka 1896, akiwa mmoja wa wanawake wa kwanza nchini kwake kufanya hivyo. Njia yake aliijenga kwanza kwa kufanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili. Kisha, tarehe 6 Januari 1907, Nyumba ya Watoto ya kwanza ilifunguliwa katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Chanzo chake kinastahili kukumbukwa. Kampuni ya nyumba ilikuwa imeyatengeneza upya majengo ya kupangisha wafanya kazi. Wazazi wakawa wanashinda kazini, na watoto ambao hawajafikia umri wa shule wakawa wanashinda peke yao, wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye majengo wakaona ni nafuu kumlipa mtu wa kukaa na watoto kuliko kumlipa fundi kila mara. Kwa hiyo mahali ambapo leo hapafikiki kwa mshahara wa mwalimu palizaliwa kwa ajili ya watoto wa vibarua, na palizaliwa kujibu swali lile lile lililokuwa mezani petu: nani atakaa na mtoto mpaka mzazi atoke kazini?

Jambo la pili tulilolikumbuka lilihusu lugha, na kwa maoni yetu ndilo lililokuwa zito zaidi. Miongoni mwa vifaa vya Montessori, kile kinachomgusa mwalimu wa lugha ni herufi za msasa. Herufi hukatwa katika karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya kibao. Mtoto hupitisha kidole chake juu yake kama anayeandika, na papo hapo hutamka sauti ya herufi ile, wala si jina lake. Kidole, jicho na sikio hujifunza pamoja. Lakini mbuni wa kifaa hiki alifundisha kwa Kiitaliano, lugha ambayo kwa sehemu kubwa huandikwa kama inavyosikika. Kinyarwanda kiko hivyo, ingawa urefu wa irabu na toni haviandikwi, na ingawa mtoto atakutana baadaye na makundi ya konsonanti yatakayomtoa jasho. Kiswahili kiko hivyo. Kiingereza hakiko hivyo. Tuchukue herufi c peke yake. Katika Kinyarwanda ina sauti moja, ile tunayoiandika ch kwa Kiswahili. Mtoto akiigusa mara moja ameimaliza. Katika Kiingereza kidole kile kile kitaambiwa leo kwamba hii ni k na kesho kwamba ni s. Shule ile nzuri, kwa kufundisha kwa Kiingereza tupu, ilikuwa imenunua kifaa na kuacha nusu ya faida yake dukani.

Mmoja wetu alijibu kwa hoja ambayo si ya kupuuzwa. Mwezi Desemba mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Kiingereza kitakuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Mtoto atakayesoma chekechea kwa Kinyarwanda atavuka kizingiti kimoja na kukuta lugha nyingine imeketi kitini. Je, si afadhali avuke mapema, akiwa bado anacheza?

Tunajua, na tumewaeleza wazazi wengine mara nyingi, kwamba lugha mbili au tatu hazimdhuru mtoto. Hofu yetu ilikuwa juu ya mtoto huyu. Nyumbani husikia Kinyarwanda na Kiswahili. Angepelekwa mahali ambapo kutwa nzima hawezi kuomba maji kwa lugha yoyote aliyonayo, naye ni yule yule ambaye asipoeleweka hunyamaza. Isitoshe, Kiingereza cha walimu wengi wa watoto wadogo ni cha kujifunza ukubwani, kama kilivyo chetu: ni cha kuamrisha na kusifu, keti, simama, vizuri sana. Si cha kubembeleza wala cha kusimulia.

Siku iliyofuata tulikwenda kukaa katika darasa la serikali. Hatutapamba. Watoto walikuwa hamsini na wanane na mwalimu mmoja. Vibao vya kuchezea vilikuwa vichache, vimechakaa pembe. Mambo mengi yalifanywa kwa kuitikia kwa pamoja, na mtoto mnyamavu angeweza kujificha ndani ya kelele ile muhula mzima bila ya mtu kutambua. Lakini mwalimu alipotaka utulivu alisema, "Sakwe sakwe!" na vinywa vyote vikajibu, "Soma!" kama sisi tunavyojibu "Tega!" Akatega kitendawili, kisha kingine. Mtoto wetu, aliyekuwa ameketi kwenye paja la mmoja wetu, alisema jibu la kitendawili cha tatu. Alilisema kwa sauti ndogo, na halikuwa sahihi. Lakini alilisema bila ya kuulizwa.

Ilibaki mchana. Tangu Januari mwaka 2023 serikali ilisogeza mwanzo wa masomo hadi saa mbili na nusu asubuhi, na saa za kazi ofisini zikawa saa tatu hadi saa kumi na moja jioni, ili wazazi wapate nafasi ya kuwaandaa watoto. Asubuhi zetu zilipata nafuu kweli. Mchana haukupata, kwa sababu darasa la wadogo huisha saa sita.

Hapo tukamwendea Bibi mmoja wa Biryogo, mjane, mwenye asili ya Waswahili waliokaa mtaa ule tangu enzi za wakoloni. Alikuwa tayari akiwatunza wajukuu wawili na mtoto wa jirani. Tulijiandaa kumweleza habari za malezi; hakutupa nafasi.

"Mwalimu, anakula nini?"

"Kila kitu, Bibi, isipokuwa dodo."

"Analala saa ngapi? Anaogopa mbwa? Anajua kusema haja yake?"

Tulisema hilo la mwisho ndilo tatizo. Akamtazama mtoto, akampa ungo wa mchele na kumwonyesha mawe ya kuokota. "Basi tutamsikiliza polepole," akasema. Walipomaliza, mchele ulikuwa safi, na sisi tuliangaliana, kwani kazi ile ya vidole viwili ilifanana mno na tuliyoiona kwenye rafu za shule ya faranga nyingi.

Tukaamua: asubuhi kwa serikali na kwa Kinyarwanda, mchana kwa Bibi na kwa Kiswahili. Nyumba tano sasa humlipa Bibi kwa zamu ya mwezi, na kila nyumba hutoa mkaa, sabuni na unga. Sehemu ndogo ya fedha ambazo hatukulipa kama ada ilinunua mbao nyembamba na karatasi za msasa kutoka duka la vifaa vya ujenzi, tukakata herufi seti mbili, moja ya kwa Bibi na moja ya darasani. Mwalimu wa watoto hamsini na wanane aliipokea kwa furaha, lakini alituambia waziwazi kwamba atawapa kwa makundi ya watoto wanane, mara moja kwa wiki, kwa kuwa zaidi ya hapo haiwezekani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya darasa lile na shule ya ng'ambo ya mji, na hakuna karatasi ya msasa itakayoiondoa.

Mtoto ameanza kusema sentensi, baadhi yake zikichanganya lugha mbili kwa namna ambayo ingetuchekesha katika daftari la mwanafunzi. Mwakani ataingia darasa la kwanza. Mmoja wetu amekwisha kuanza kumwimbia nyimbo za Kiingereza wakati wa kuoga. Mwingine anasema bado ni mapema. Jambo hilo hatujalimaliza.