Kutunga Punje

Mjukuu wangu anayesomea uhandisi alinionyesha programu inayoigiza mmiminiko wa mahindi ghalani. Njia yake ni ile waliyoieleza Cundall na Strack mwaka 1979: kila punje hukokotolewa peke yake. Akaniuliza, "Babu, kitendo cha kuzileta punje hizi tukiiteje?"

"Kuzalisha," nikajibu papo hapo.

Hakubisha. Alinionyesha programu ikiipa kila punje ukubwa na mahali pake. Ikiingiliana na iliyotangulia, hutafutiwa pengine. Kisha akauzima ukaguzi huo. Punje zilizobanana zikasukumana kwa nguvu, zikaruka kama bisi sufuriani.

Nikazikumbuka beti nilizozijazia maneno kupita mizani, zikanipasukia. Kiwanda huzalisha bila kujali nafasi. Anayetunga huijali, awe na ushanga au shairi.

"Basi tuseme kutunga punje," nikamwambia. Akaandika.

Nimestaafu nikijua kusahihisha. Ni wanafunzi wangapi niliowasahihisha kabla ya kutazama walichokiona?

Enyi malenga, neno langu ndilo hilo. Mwenye jema zaidi alilete, ila atazame kwanza.