Jani Lililofika Kama Kidonge

Tarehe 1 Januari 2025 tulihamisha kratomu. Kabla ya hapo ilikaa mbele, kati ya vinywaji vya kuongeza nguvu na viberiti vya gesi, mahali ambapo mtoto aliyetumwa maziwa angeweza kuigusa. Siku hiyo sheria mpya ya jimbo la Georgia ilianza kazi: umri wa kununua ukapanda kutoka miaka 18 hadi 21, na bidhaa zote zikatakiwa kukaa nyuma ya kaunta au ndani ya kabati ambalo mteja hawezi kujifungulia. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Niliyajaza makatoni manne, nikayapanga upya mgongoni pangu, karibu na sigara, na kwa mara ya kwanza nikasoma kwa makini nilichokuwa nikikiuza usiku kucha katika kituo kile cha mafuta, dakika chache kutoka Clarkston.

Kulikuwa na unga, wa kijani kibichi, katika mifuko ya gramu 30 mpaka ya kilo nzima. Wanunuzi wake ni watu wa zamani, wengi wao mafundi wa ujenzi. Huukoroga kwenye juisi ya machungwa kwa sababu ni mchungu kama shubiri, na hawaulizi maswali. Kulikuwa na kapsuli, kila moja ikibeba takriban nusu gramu ya unga uleule, kwa wasiouweza uchungu. Kulikuwa na pipi laini zenye ladha ya embe, ambazo hadi leo naona aibu kuziita chochote ila mtego. Kulikuwa na chupa ndogo za dondoo, unafungua na kumimina kinywani mara moja, na ndani yake kuna nguvu ya majani ambayo hakuna mtu angeweza kuyatafuna kwa mkao mmoja. Juu ya pakiti yameandikwa majina ya mbali: Bali, Borneo, Maeng Da. Hilo la mwisho ni Kithai, jina la mdudu mkubwa wa majini. Sikumwambia mteja yeyote.

Mti wenyewe ni wa jamii moja na mbuni. Huota Thailand, Malaysia na Indonesia, na huko wakulima na wagema mpira wametafuna majani yake mabichi kwa vizazi, au kuyachemsha kama chai, ili wastahimili jua na kazi. Thailand iliupiga marufuku mwaka 1943, ikauruhusu tena Agosti 2021. Malaysia bado inamhesabia makosa anayeuza. Shehena nyingi inayofika Marekani hutoka Indonesia, hasa Kalimantan Magharibi, ikiwa imeshakaushwa na kusagwa.

Mtu aliyekulia Mombasa hawezi kusoma hayo bila kumwona mjomba wake barazani, shavu limetuna, kando yake thamosi ya chai na mada isiyokwisha. Miraa ninaijua. Najua kwamba nchini Kenya ni zao la biashara lenye ulinzi wa sheria, na kwamba ukivuka Horohoro kuingia Tanzania kitita kilekile kinaitwa mirungi na kinahesabiwa dawa za kulevya. Najua Uingereza iliifungia mlango Juni 2014 na wakulima wa Meru wakalia. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na haikupita wiki nyingi rais akasema amri hiyo haina nguvu mbele ya sheria za nchi. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa jani ni halali au haramu, swali langu la kwanza ni: umesimama wapi?

Lakini miraa ina jambo moja ambalo kratomu haina, na hapo ndipo ndugu hawa wawili wa mashavuni wanapoachana. Miraa huharibika. Kathinoni, kemikali inayompa mlaji handasi, hupungua haraka baada ya kuchumwa. Ndiyo maana kitita hufungwa kwa majani ya mgomba na madereva hukimbizana barabarani kama waliotoroka jela. Ukichelewa, umebeba kuni. Kwenye kratomu mambo ni kinyume. Jani bichi lina mitrajinini kwa wingi, na karibu halina kabisa ile kemikali kali inayoitwa 7-hidroksimitrajinini. Hiyo huzaliwa baadaye, jani linapokauka na kukutana na hewa, na hata hapo huwa ni chembe tu. Anayetaka zaidi ya chembe lazima aitengeneze maabara. Na kuna waliotaka.

Ndivyo vilivyokuja vile vidonge. Sisi hatukuviuza, mwenye duka letu ni mwoga wa sheria, jambo ambalo wafanyakazi tulikuwa tukimcheka. Vilikuwa kwenye maduka mengine, katika pakiti za rangi ya peremende, vikiitwa tu kwa namba saba na herufi mbili. Mteja mmoja aliniwekea pakiti tupu kaunteni akiuliza kama tunavyo. Pembeni palichorwa jani. Nililitazama lile jani kwa muda. Ni kama kuchora muwa kwenye chupa ya spiriti.

Sheria za hapa zimekuwa zikikimbiza kitu hiki bila kukubaliana kinaitwaje. Agosti 2016 shirika la kitaifa la kupambana na dawa za kulevya, DEA, lilitangaza kwamba litaiweka kratomu kwenye kundi moja na heroini. Watu wakaandamana, wakaandika barua, na Oktoba tangazo likaondolewa. Yakabaki majimbo. Utah mwaka 2019 ilichagua kuidhibiti badala ya kuifuta, na Georgia ikafuata njia hiyo. Texas mwaka 2023 iliandika kwamba ile kemikali kali isizidi asilimia 2 ya alkaloidi zote, yaani mtu auze jani, asiuze maabara. Mamlaka ya chakula na dawa, FDA, nayo husema bidhaa hii haiwezi kuuzwa kihalali kama dawa, wala kirutubisho, wala kiungo cha chakula, huku mimi nikiiuza na kutoa risiti. Kisha kuna Alabama, jirani yetu wa magharibi, iliyopiga marufuku yote mwaka 2016: unga, kapsuli, chai, kila kitu. Ukivuka mpaka saa yako inarudi nyuma kwa saa moja, na kapsuli iliyo mfukoni inageuka kuwa kosa la jinai.

Mzee alikuwa akivuka mpaka huo kila mwisho wa mwezi. Bintiye anaishi Birmingham, Alabama, na ana mtoto mchanga.

Simtaji jina. Ni mtu wa Bukavu, mwalimu wa shule ya msingi kule, na hapa mkata kuku. Gari la kazini humchukua saa kumi usiku kumpeleka kiwandani kaskazini mwa jimbo, na huko husimama zamu nzima kwenye baridi akirudia mkato uleule. Vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjuki vyema asubuhi. Duka moja lililo njiani, gari linaposimama kwa kahawa, lilimuuzia kapsuli kwanza. Zikamsaidia, na sina sababu ya kusema hazikumsaidia. Baadaye chupa. Baadaye kidonge, kwa sababu kidonge hakina uchungu, hakina harufu, na kinaingia katika mfuko wa shati. Kufikia kiangazi cha 2025 alikuwa akimeza kimoja kila baada ya saa nne, na akikosa alitetemeka, akatoka jasho, miguu ikakataa kulala.

Julai ile FDA ilipendekeza ile kemikali kali iwekwe kwenye kundi la dawa zilizopigwa marufuku kabisa, ikisema kwamba hailengi jani la asili. Agosti Florida ikaipiga marufuku kwa amri ya dharura. Duka la njiani likaogopa, likaacha kuviagiza. Hakuna aliyemwambia Mzee. Jumatatu moja alikuta rafu tupu.

Siku ya tatu bintiye alinipigia simu kutoka Birmingham, maana alijua ninafanya kazi wapi. Nilimpeleka zahanati. Walikuwa na mkalimani wa simu, mwenye Kiswahili safi cha redioni. Daktari akauliza, simu ikatafsiri: je, unatumia dawa za kulevya?

“Apana,” akasema Mzee, na akakaa wima. “Miye ni mukristu. Ata pombe sikunywake.”

Daktari akaandika. Mkalimani hakukosea neno hata moja. Kiswahili chetu kimempa panadoli na heroini jina moja, kisha kikaongeza “za kulevya” ili tujue nani wa kumwonea haya. Kitu cha Mzee hakikulevya, kilimwezesha kusimama. Niliomba ruhusa niongee.

“Papa,” nikamwambia, “vile vidonge vya kazini. Unavyo hapo?”

Alitoa pakiti kwenye koti. Bado ilikuwa na kimoja, alichokihifadhi kwa ajili ya zamu ya kesho yake. Daktari aliigeuza, akaisoma, akauliza ni miligramu ngapi kwa siku, tukahesabu pamoja kwa vidole, vya kwangu kwa sababu vyake vilikuwa vinatetemeka. Hakumgombeza. Alieleza kwamba kemikali hii hushika palepale panaposhikwa na mofini, kwamba mwili wake sasa unaidai, na kwamba kuna dawa ya kuweka chini ya ulimi, buprenofini, ambayo ingemshusha taratibu. Nayo pia ina sheria kali: cheti cha daktari, kitambulisho, duka la dawa, siku zimehesabiwa.

Nilitafsiri yote. Mzee alisikiliza kama anavyosikiliza mwalimu mwenzake, akitikisa kichwa penye hoja. Kisha akanishika mkono.

“Mutoto yangu, muulize. Hii naweza kuvuka nayo Alabama?”

Daktari alicheka kidogo, akasema ndiyo, ilimradi ibaki kwenye chupa yenye jina lake. Mzee akataka nimuulize tena, ili awe na hakika, na akaniomba nihakikishe jina litaandikwa vizuri, maana kwenye hati zake za ukimbizi waliliandika vibaya.