Kupunguza Upepo

Mwanasheria wetu ana ofisi ghorofa ya tatu, Posta, dirisha linatazama Mtaa wa Samora. Siku ile aliisukuma bahasha ya kaki juu ya meza, akasema kazi yote imekwisha isipokuwa saini moja. Warithi wa nyumba ya bibi, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ni watano. Wanne tayari. Wa tano yuko Maskati tangu 1976.

"Na wewe ndiye unayekwenda huko," alisema.

Nilikuwa nakwenda kweli, ila si kwa ajili ya nyumba. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu Kiswahili cha Waomani ambao wazazi au babu zao waliishi huku kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walitawanyika, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka 1970 mlango wa kurudi ukafunguka. Nilikuwa na wiki tatu za kurekodi mazungumzo. Familia ikaona ni bahati, nauli imeshalipwa na watu wengine. Shangazi alinipa maagizo mlangoni: "Msalimie, mpe karatasi, asaini. Usikae kuongea."

Hakuhitaji kueleza sababu. Baba alipofariki, 2022, kaka yake wa pekee hakuja kumzika.

Babu yangu alikuwa Mwarabu wa Ibra aliyefungua duka Kariakoo. Bibi alikuwa Mmanyema, mtoto wa mjini. Katika watoto wao wa kiume, mkubwa alifuata asili ya babu, mdogo akabaki na bibi. Kwetu tungemwita baba mkubwa, lakini yeye mwenyewe alitaka nimwite ami. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Ami," alichelewa kuitikia. Nadhani ilikuwa sauti. Watu husema nina sauti ya baba.

Bahasha niliiweka mezani. Hakuifungua. Aliuliza kama UDA bado linapita Msimbazi, nikamwambia siku hizi kuna mwendokasi. Aliuliza habari za soko, lile jengo alilolishuhudia likimalizika kabla hajaondoka, nikamwambia liliungua Julai 2021. Akanyamaza. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Unaendesha gari?"

"Naendesha, Ami."

"Wapi?"

"Kariakoo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi una kazi kubwa ya kusahau. Jumamosi tunakwenda mchangani, kuna watu wanajifunza. Njoo. Karatasi zako tutaziona."

Alikuwa na haki ya kucheka. Kuendesha Kariakoo ni kuishi juu ya breki. Unaingia Msimbazi na Vitz ya marehemu baba, mbele yako mkokoteni wa mitumba, kulia bodaboda, kushoto mama lishe anavuka na sinia bila hata kukutazama, kwa sababu anajua utasimama. Na unasimama. Mguu wangu wa kulia umekulia juu ya breki.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, magari matano. Binamu yangu aliongoza. Nyuma yake muuguzi mmoja na mumewe, kisha mwalimu mstaafu aliyezaliwa Bujumbura, ambaye kila sentensi yake niliitamani kwa ajili ya kinasa sauti changu. Mimi nilikuwa wa nne, katika gari la binamu mwingine aliyekaa pembeni kunisimamia. Ami alifunga msafara. Kila gari lilikuwa na redio ya upepo, na hapo nyuma ya kila gari mti mrefu mwembamba wenye kibendera chekundu, kitu kilichonichekesha mpaka nilipokielewa.

Barabara ya kwenda Bidiya ni lami ya kulaza usingizi, kilomita kama 200. Tulipokuwa tunaipita Ibra sauti ya Ami ilitoka redioni: "Mwanangu, babu yako alitoka hapa." Nikageuka. Mitende, kuta za udongo, kituo cha mafuta. Tukapita.

Bidiya ndipo lami inapokutana na mchanga wa Wahiba, ambao ramani za siku hizi zinauita Mchanga wa Sharqiya. Hapo kila mtu alishuka na kupiga magoti kwenye matairi yake. Kwenye lami tulikuwa na upepo wa paundi 35. Tukaushusha hadi 15. Mimi ni mtoto wa baba aliyeuza vipuri Gerezani, nimelelewa nikiambiwa tairi lisilojaa ni kifo, na sasa nilikuwa nimechuchumaa nikisikiliza tairi zima likitoa pumzi. Lakini ukilitazama unaona. Tairi linalegea na kulala, alama yake ardhini inarefuka, uzito wa gari unagawanyika, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Unyayo wa ngamia hufanya hivyohivyo. Hasara yake ni kwamba tairi lililolegea ukilikata kona ya ghafla linaweza kuchomoka kwenye rimu, kwa hiyo usukani unashikwa kwa adabu.

Binamu alitukusanya kivulini mwa gari lake. Kilima cha mchanga hupandwa moja kwa moja na hushukwa moja kwa moja. Ukikatisha ubavuni, gari linaweza kubiringika. Ukiishiwa nguvu katikati usigeuze, tia rivasi urudi kwenye alama zako zilezile. Breki isahau. Mchanga hujikusanya mbele ya magurudumu kama kizingiti, na kizingiti hicho umejijengea mwenyewe. Achia mafuta tu, gari litasimama. Na ukisimama, pua itazame chini ya mteremko, maana kuondoka ndiko kugumu. Kileleni hapandi wa pili mpaka wa kwanza aseme redioni kwamba ametoka upande wa pili, kwa kuwa nyuma ya kilele hakuna anayeona. Kibendera ndicho kinachotangulia kuonekana.

"La mwisho," alisema. "Kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake. Ukitazama kioo usilione, simama. Wa mbele yako atakukosa kwenye kioo chake, naye atasimama. Msafara wote utasimama bila mtu kupiga kelele."

Ami, aliyekuwa amekaa kwenye kigari cha kukunja akimimina kahawa, aliongeza bila kuinua macho: "Hapa hatuachani."

Nilitaka kumtupia kikombe. Mzee aliyekaa miaka mingi bila kupiga simu nyumbani, aliyegombana na mdogo wake kwa ajili ya vyumba vinne na ua Narung'ombe, anahubiri vioo. Niliinywa kahawa yangu ikiwa bado inaunguza.

Saa ya kwanza ilikuwa ya aibu ndogondogo. Oman wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Kila nilipotafuta gia mkono wangu wa kushoto ulishika kitasa cha mlango. Lakini asubuhi mchanga ulikuwa bado na ubaridi na umeshikana, na ulitubeba. Kilima cha kwanza nilikipanda nikipiga kelele. Cha pili nilinyamaza, nikasikia injini.

Tulipumzika kwenye bonde kunywa chai na maandazi, na hapo mwalimu akanionyesha kitu ambacho nimeshakisoma nusu tu maisha yangu yote. Matuta makubwa ya Wahiba hayakutawanyika ovyo. Yamelala kama mistari, kusini kuelekea kaskazini, na mabonde marefu katikati. Upepo uliyoyapanga, zamani sana, ni kusi. Kusi letu hilihili. Majahazi yaliyoshuka Unguja kwa kaskazi yalilingoja kusi ili yarudi Arabuni. Nimeandika kurasa kadhaa kuhusu majahazi hayo, na haikunipitia akilini kwamba jahazi likishatia nanga upepo wenyewe hausimami, unaendelea nchi kavu na kufanya kazi zake.

Kilima cha tatu baada ya chai kilikuwa kirefu. Nilipanda vizuri. Karibu na kilele nilipaswa kupunguza mafuta kidogo, gari livuke taratibu kwa uzito wake. Lakini pale juu boneti ilipoinuka sikuona kitu isipokuwa mbingu, na mguu wangu ukakumbuka Msimbazi. Nikakanyaga breki.

Gari lilikaa. Halikuzama wala kuanguka. Lililala kwa tumbo juu ya ukingo wa mchanga, magurudumu ya mbele yakiwa karibu hewani, kama mtu aliyekwama juu ya ukuta.

"Nimekwama," nilisema redioni. Hakuna aliyenikaripia. Waliokuwa mbele walisimama, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyosemwa. Kutoka nyuma nilimwona Ami akipanda kwa miguu, beleshi begani, polepole, mzee wa karibu miaka 70 mwenye kanzu iliyofungwa kiunoni.

Kariakoo imepata jina lake kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliobeba pale ambapo gari na punda vilishindwa. Bibi alikuwa akitukumbusha hilo tulipolalamika kutumwa maji. Nililikumbuka nikiwa nimelala kifudifudi chini ya gari, nikichota mchanga kwa mikono. Unauchota, unarudi. Unauchota tena. Upande wa pili wa gari Ami alikuwa akifanya vilevile, na kati yetu kulikuwa na chuma tu, sikuona uso wake. Labda ndiyo maana nilisema.

"Ami, mbona hukuja kumzika baba?"

Beleshi liliendelea. Kisha likatua.

"Nani aliniambia?" alisema. "Nilikuwa nimekaa, saa tatu usiku, simu ikaita mlio wa ujumbe. Natazama, jina la mdogo wangu. Miaka minne hajaniandikia. Nilifurahi, mwanangu. Nilimwita mama yenu mkubwa jikoni aje aone. Ndiyo nikafungua."

Ninaujua ujumbe ule. *Baba amefariki leo alfajiri. Tumeshazika.*

Siku ya msiba shangazi alinikabidhi simu ya baba, akasema wapigie wote. Niliwapigia wote. Nilipolifikia jina la Ami nililiruka. Baba alikuwa ameugua miezi saba na mtu huyu hakuuliza hali yake, basi aambiwe na wengine. Wengine walijua nimemwambia mimi. Usiku, tulipokwisha kuzika, nikaandika maneno yale nikayatuma, wala haikunijia kwamba upande wa pili yatafika yakiwa na jina la baba na picha yake. Tangu siku ile, kila iliposemwa nyumbani kwamba hakuja, nilikuwepo, na nilinyamaza.

"Ni mimi niliyeandika," nilisema.

Kwa muda sikusikia kitu isipokuwa upepo ukipitisha mchanga juu ya matairi.

"Chimba huko kwako," alisema Ami. "Tumbo bado limelala."

Tulichimba. Binamu alifunga kamba ya kuvutia, ile inayonyumbulika, akatuamuru wote tukae mbali kwa sababu ikikatika au chuma kikiachia hupiga kama risasi. Gari lilirudi nyuma kwa sauti ya gunia linaloburutwa. Nilidhani nitashuka nimpe binamu usukani. Ami alifunga mlango wangu kutoka nje.

"Rudia," alisema.

Nilirudia. Juu kabisa mbingu ilijaa tena kwenye kioo cha mbele, nikauinua mguu, nikauweka sakafuni mbali na kila kitu. Gari lilisita, likainama, na bonde lote likaja.

"Nimetoka," nilisema redioni. Nikasogea mbele, nikasimamisha gari pua ikitazama chini, na macho kwenye kioo. Ilichukua muda. Mchanga mtupu, ukingo, mbingu. Kisha kibendera chekundu, kikitikisika, na chini yake gari la Ami.

Jioni, Bidiya, tulipanga foleni kwenye fundi wa matairi kujaza upepo. Hapo ndipo alipoomba bahasha. Aliisoma juu ya boneti, ukurasa kwa ukurasa, akiwa ameshikilia pembe zisipeperuke. Alipofika penye jina la bibi alirudi kusoma tena. Nilimpa kalamu. Akaipokea, akaifunga kifuniko, akanirudishia.

"Nyumba ya mama siwezi kuitia saini kwenye boneti," alisema. "Kaskazi bado inavuma?"

"Mpaka Machi, Ami."

"Basi nitakuja nayo. Utanipokea na gari gani?"

"Vitz."

"Subhanallah," alisema, akaenda kulipa upepo.

Mwanasheria alipoifungua bahasha, Posta, mchanga ulimwagika juu ya meza yake, akaupangusa kwa ukingo wa kiganja huku akipekua kurasa. Alitazama sehemu ya tano. Akanitazama.

"Anakuja mwenyewe," nilisema.

"Shangazi yako anajua?"

Nilishuka ngazi, nikatembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja mpaka Narung'ombe. Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele. Alisogeza ungo kunipisha. Nilivua viatu, nikakaa chini karibu naye, nikamwambia nina jambo la ile siku tuliyomzika baba.