Wiki ya Vyeti

Jumatatu, 25 Novemba 2024

Simu kutoka juu. Tarehe 5 Desemba, siku ya wanaojitolea, sisi wa zahanati ndio tumepewa "shughuli ndogo" ya kata nzima. Vyeti watachapa wao. Hema, viti na maji ya wageni, juu yetu. Nimeitikia "sawa" mara tatu kama mtoto wa shule. Maji ya wageni! Na glavu zimebaki boksi moja.

Shangazi, mhudumu wetu wa kujitolea, naye kaja na mjamzito mwingine. Binti mdogo, kajifunika khanga mpaka puani. Wiki 10! Wakiachwa wenyewe huja mwezi wa sita, wa saba huko. Sijui anazinusaje hizi mimba.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimefuatana na Shangazi kitongoji cha mtoni. Tope linavua viatu. Yeye peku, kandambili mkononi, ananisubiri kila baada ya hatua kumi. Aibu.

Nyumba ya tatu, mtoto wa mwaka na nusu, kimya mno. Shangazi kamvisha utepe wa kupimia lishe mkononi, kauvuta polepole, hakukaza. Nyekundu. Haikufika sentimita 11.5. Hakulitamka neno utapiamlo. Alimuuliza mama, "Mwanangu, jana mlikula nini?" Kisha, baada ya kitambo, "Na huyu?" Mama akaanza kulia. Mimi ningeanza na hotuba ya makundi ya vyakula.

Chakula dawa tulikuwa nacho, nashukuru. Kaandika kwenye daftari lake lile lile, kurasa zimevimba kwa maji ya mafuriko ya Aprili. Wenzake waliokoa magodoro.

Jumamosi, 30 Novemba

Usingizi hakuna. Nawaza ule mpango uliozinduliwa Dodoma Januari 31. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima, ndani ya miaka mitano. Mafunzo na posho. Jambo jema, sina ugomvi nalo. Usaili ukifika kwetu watachukuliwa vijana wenye vyeti vyao, haki yao. Shangazi ana sitini na ushee na darasa la nne la zamani. Nani atawaonyesha hao vijana mlango upi unabishwa asubuhi na upi usiku, mume akiwa hayupo?

Yeye halalamiki. Kinyongo ni changu.

Jumatatu, 2 Desemba

Mwezi wa afya na lishe ya mtoto umeanza. Vitamini A, dawa za minyoo, foleni mpaka chini ya mwembe. Jana walipita nyumba kwa nyumba, Shangazi na wenzake, ndiyo maana. Tangazo la redio halijazi benchi hivi.

Yule mtoto wa mtoni kaletwa. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Huyo wa hospitali ya Utete, leo leo. Nauli? Mama kaangalia chini. Shangazi kafungua pindo la khanga, kahesabu noti zilizokunjwa kunjwa, elfu kumi na mbili, kapanda nao bodaboda.

Alhamisi, 5 Desemba

Mgeni rasmi saa tano badala ya saa tatu. Hotuba ndefu. "Mashujaa wetu" sijui mara ngapi. Vyeti vizuri, karatasi ngumu, muhuri wa bluu. Wazee wa watu walipendeza, wamevaa za Idi. Babu wa kitongoji cha juu alikibusu chake. Hapo koo lilinibana, nisiseme uongo.

Shangazi akapewa kipaza sauti atoe neno la shukrani. "Ahsanteni sana. Mtoto anaendelea vizuri Utete. Elfu kumi na mbili yangu nimdai nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mgeni naye kacheka. Shangazi hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Ikapigwa ngoma.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimempelekea elfu kumi na mbili nyumbani. Kakataa katakata. "Wewe si serikali, mwanangu. Kaa na mshahara wako."

Basi. Kamati ya zahanati inakaa Jumanne tarehe 10. Nina ajenda moja: nauli ya wagonjwa na ya anayewasindikiza iandikwe kwenye bajeti ya mwaka, kwa mstari wake, mbele ya viti na maji ya wageni.