Viti vya Sinema katika Soko la Saint-Ouen

Msafiri ashukaye Porte de Clignancourt, kituo cha mwisho cha kaskazini katika njia ya 4 ya treni ya chini ya ardhi ya Paris, huvuka barabara kuu izungukayo mji, na mara huwa yumo Saint-Ouen, kwenye soko mashuhuri la vitu vya kale. Asili yake ni waokota taka. Mwaka 1883 gavana wa mkoa, Eugène Poubelle, aliamuru kila nyumba iweke taka zake ndani ya mapipa. Jina lake ndilo hadi leo neno la Kifaransa la pipa la taka. Waokotaji, ambao riziki yao ilikuwa kuchakura majalala, walipanga vitu vyao nje ya kuta za mji, na soko likakua.

Miongoni mwa makabati na vioo vya soko hilo huuzwa pia viti vya majumba ya sinema yaliyofungwa: miguu ya chuma cha kusubu, mahameli nyekundu iliyochakaa, na kikalio kinachojikunja mtu anyanyukapo. Wanunuzi huviweka ukumbini au barazani mwao.

Biashara hii ina siri zake. Viti vya sinema hushirikiana mguu na mkono, hivyo safu ya viti vinne ina miguu mitano. Anayeikata ili auze kimoja kimoja huacha kiti kingine kikiwa kilema. Vilevile viti vingi vilitengenezwa kwa sakafu yenye mteremko na kukazwa kwa bolti. Vikifika nyumbani penye sakafu sawa huinama, na bila kitako cha ubao au chuma vyaweza kumwangusha mtoto. Muuzaji mwaminifu huyasema haya kabla ya kutaja bei, na mnunuzi mwerevu hupekua mishono ya kitambaa, maana kunguni hawaoni haya kuhamia nyumba mpya.

Sisi watu wa pwani twalielewa soko hilo. Mombasa ilikuwa na Regal na Naaz, na familia nzima zilikwenda kutazama filamu za Kihindi. Katika miji ya mwambao yalitengwa hata maonyesho ya wanawake peke yao, na bibi zetu wangali wakiyasimulia. Kisha zikaja kanda za video, na taa zikazimwa.

Milango yetu ya nakshi nayo iliwahi kuvutia wanunuzi wa mbali, hata sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi ikaukinga mlango uliochongwa kabla ya 1946, usitoke nchini bila kibali. Kiti cha sinema hakina sheria ya jina lake. Kinachokilinda ni mwenye nacho tu: akiuze safu nzima, na aandike nyuma yake kilitoka jumba gani, mtaa gani, mwaka gani. Bila maandishi hayo, mnunuzi hupata pambo zuri la ukumbini, lakini wajukuu wakiuliza ni nani waliowahi kukaa pale, hapatakuwa na wa kuwajibu.